Mwalimu, Mzazi na Ukaguzi wa Afya ya Watoto Shuleni

Wamisionari waliofika Mlalo katika milima ya Usambara mwaka 1891, wale wa Berlin waliofika nchi ya Wanyakyusa mwaka huohuo, na wale wa Leipzig waliopanda Kilimanjaro mwaka 1893, wote walijenga mambo matatu karibu karibu: nyumba ya ibada, chumba cha darasa na mahali pa kugawia dawa. Vitabu vya kumbukumbu vya sharika husimulia kwa urefu habari za ile ya kwanza, na kwa haki. Habari za darasa husimuliwa kwa kiasi. Ila habari za mahali ambapo darasa na dawa vilikutana, yaani mtoto anaposimamishwa mstarini ili atazamwe macho, ngozi, miguu na kucha, hazijaandikwa sana, ingawa hakuna mkristo aliyesoma shule ya msingi nchini asiyezikumbuka.

Kazi hiyo ilianza kwa adui mdogo. Funza hakuwa mdudu wa asili wa Afrika. Aliletwa na meli kutoka Brazili hadi pwani ya Angola mwaka 1872, akasafiri na misafara ya wapagazi akivuka bara lote, na katika miaka ya 1890 alikuwa amekwisha kufika Afrika Mashariki. Hivyo funza na shule za misheni viliingia katika vijiji vingi ndani ya muongo mmoja. Mtoto mwenye funza hatembei, na asiyetembea hafiki shuleni. Kukagua miguu kukawa sehemu ya kazi ya mwalimu kabla hajapata hata ubao wa kutosha kuandikia, na dawa yenyewe ilikuwa sindano au mwiba mkononi mwa mama, jioni, karibu na moto. Huo ndio mgawanyo wa kazi wa kwanza kabisa: shule huona, nyumbani hutibu.

Huko walikotoka wamisionari, jambo hili lilikuwa bado changa. Mji wa Wiesbaden nchini Ujerumani uliweka madaktari wa shule wenye ratiba ya kuwapima watoto wote mwaka 1896. Uingereza ilichelewa zaidi, ikashtushwa na vita vyake vya Afrika Kusini vya 1899 hadi 1902, ambapo vijana wengi waliojitokeza kuandikishwa jeshini walikataliwa kwa udhaifu wa mwili. Sheria ya mwaka 1907 iliagiza watoto wa shule za umma wapimwe na daktari, na kazi ikaanza mwaka 1908. Wizara ya Elimu ya huko ilishauri tangu mwanzo kwamba wazazi waalikwe kuwapo wakati mtoto anapopimwa. Haikuwa adabu tu. Mama ndiye aliyejua kama mtoto aliwahi kuugua surua, kama hulala vizuri, kama husikia kwa sikio moja tu. Tena ndiye ambaye angetakiwa kutafuta fedha ya miwani au ya kung'oa jino baada ya daktari kuondoka. Waingereza waligundua mapema kwamba kupima bila kutibu ni kuorodhesha mateso, na ilichukua miaka kabla kliniki za shule hazijaenea vya kutosha.

Serikali ya Waingereza ilipoitawala Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, haikuwa na madaktari wa kupeleka shuleni. Wamisionari wa Kijerumani walikuwa wameondolewa nchini kufikia mwaka 1920, na kwa miaka kadhaa walimu wa Kiafrika ndio walioshika sharika na shule pamoja, wakifundisha, wakihubiri, wakizika na kufunga vidonda. Tume ya Phelps-Stokes ilipopita Afrika Mashariki mwaka 1924, ilisisitiza kwamba afya iwe sehemu ya elimu yenyewe na si jambo la pembeni. Maneno hayo yaliwafikia walimu waliokuwa wakiyatenda tayari kwa kukosa mtu mwingine wa kuyatenda. Baadaye serikali ilipoanza kutoa ruzuku kwa shule za misheni, usafi wa wanafunzi na wa majengo ukawa miongoni mwa mambo yaliyotazamwa na wakaguzi.

Ndipo ukazaliwa ule utaratibu ambao vizazi vyote vimeupitia. Asubuhi, kengele inapolia, wanafunzi hujipanga mistari. Mwalimu wa zamu hupita na kiranja nyuma yake. Mikono hunyoshwa mbele, viganja chini, kisha juu. Kucha, nywele, meno, kola ya shati. Aliyepatikana mchafu alirudishwa mtoni au alipata adhabu, na wengi wanaukumbuka ukaguzi huo kwa hofu ya fimbo kuliko kwa faida ya afya. Ni haki kusema hapa kwamba fimbo ililiharibu jambo jema. Mtoto anayeogopa kuadhibiwa kwa upele huficha upele, na mzazi anayeitwa shuleni ili aaibishwe mbele ya wenzake haitiki mwito wa pili. Walimu wenye busara walitenganisha mambo hayo mawili: uchafu waliukemea, ugonjwa waliuandika kwenye daftari na kumtuma mtoto zahanati akiwa na kipande cha karatasi.

Shule za misheni zilipochukuliwa na serikali kufuatia Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, utaratibu huo haukukatika, kwa maana walimu walikuwa walewale na wazazi walewale. Mwaka 1973 ilikuja kampeni ya Mtu ni Afya, iliyowakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio na kusoma vijitabu. Vikundi hivyo vilijadili malaria, kichocho na magonjwa ya tumbo, kisha wanakikundi wakaenda kuchimba vyoo. Wengi wao walikuwa wazazi wa watoto wa shule, na viongozi wengi wa vikundi walikuwa walimu. Huenda hakuna wakati mwingine katika historia ya nchi ambapo mwalimu na mzazi walijifunza habari za mwili wa mtoto kutoka katika kitabu kimoja. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililoharakisha elimu ya msingi kwa wote, madarasa yalijaa, na kila mtoto wa kijiji akawa anaweza kuonekana mahali pamoja. Kwa mwalimu ulikuwa mzigo, lakini kwa mganga ilikuwa nafasi ambayo haikuwahi kuwapo.

Mfano ulio wazi kuliko yote wa jinsi nafasi hiyo ilivyotumika ulitoka Kilosa, mkoani Morogoro.

Kichocho cha mkojo ni ugonjwa wa watoto wa shule kuliko wa mtu mwingine yeyote. Mnyoo wake hukua ndani ya konokono wa maji matulivu, hutoka na kuingia kwenye ngozi ya anayeoga, anayevua au anayechota maji, kisha hukaa katika mishipa ya damu karibu na kibofu na kutaga mayai kwa miaka. Mtoto hukojoa damu, hupungukiwa damu, huchoka darasani, na asipotibiwa kibofu na figo huweza kuharibika. Daktari Mjerumani Theodor Bilharz alimtambua mnyoo huyo mjini Cairo mwaka 1851, lakini dawa salama ya kumezwa mara moja, praziquantel, ilipatikana katika miaka ya 1970 tu. Dawa ilipopatikana, swali likabaki: ipelekwe wapi kwanza? Wilaya moja ina shule nyingi, na kichocho hakikai sawasawa. Kijiji kimoja kina wagonjwa nusu ya watoto wake, na cha jirani, mwendo wa saa moja, hakina karibu yeyote. Kupeleka mtaalamu na hadubini kila shule kulizidi uwezo wa wilaya.

Watafiti waliokuwa Ifakara, wakishirikiana na Taasisi ya Tropiki ya Uswisi na maofisa wa wilaya, waliamua kuwauliza walimu. Dodoso fupi lilipelekwa kwa wakuu wa shule kwa njia ya kawaida ya ofisi ya elimu, kama barua nyingine yoyote. Mwalimu aliwaita watoto mmoja mmoja na kuwauliza kama katika siku zilizopita walipata homa, kikohozi, kuumwa tumbo, na kati ya hayo, kichocho au damu katika mkojo. Kichocho kilifichwa katikati ya orodha kwa makusudi ili mwalimu wala mtoto asijue ni kipi kinachotafutwa. Shule zaidi ya 70 zilirudisha majibu. Katika hatua ya pili walimu walifundishwa kutumia vijiti vya kupimia mkojo, ambavyo hubadilika rangi palipo na damu, nao wakawapima wanafunzi wao wenyewe. Wataalamu walipopita nyuma yao kuhakiki, walikuta kwamba shule ambazo watoto wengi walisema wanakojoa damu ndizo zilizokuwa na ugonjwa kweli, na kwamba walimu walisoma vijiti vyao vizuri. Matokeo yalichapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1991, na njia hiyo ikajaribiwa katika nchi nyingine za Afrika zikiwamo Ethiopia, Malawi, Zambia na Zimbabwe.

Jambo lililothibitishwa pale ni kubwa kuliko kichocho. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba mtoto hajui kueleza ugonjwa wake na kwamba mwalimu wa shule ya msingi si mtu wa kushika kipimo. Kilosa ilionyesha kwamba mtoto akiulizwa kwa lugha yake, na mtu anayemwamini, husema kweli. Ilikuwa vigumu zaidi kwa wasichana, ambao katika sehemu nyingi huona haya kutaja mkojo wenye damu mbele ya mwalimu mwanamume, na ambao damu yao huweza kudhaniwa kuwa jambo jingine. Hapo mwalimu wa kike, au mama aliyeombwa kuwapo, alifaa kuliko kifaa chochote. Ifahamike pia kwa nini mkojo ulikubalika kirahisi. Tangu enzi za ukoloni simulizi za mumiani, watu waliosemekana kunyonya damu za wengine ili kutengeneza dawa, zilikuwa zimeenea nchini. Mzazi aliyekua akizisikia hakufurahi kuambiwa kwamba mgeni mwenye koti jeupe amemchoma mwanawe kidole.

Mkoani Tanga, katika miaka ya 1990, hatua ilisogezwa mbele. Mpango ulioitwa Ushirikiano wa Kumwendeleza Mtoto Tanzania, kwa kifupi UKUMTA, uliwafundisha walimu siyo kuulizia ugonjwa tu bali pia kugawa dawa za minyoo na za kichocho. Minyoo ya safura huwapunguzia watoto damu polepole, bila kelele, hata mwalimu humwita mtoto mvivu kumbe ni mgonjwa. Dozi ya praziquantel hutegemea uzito, na shule nyingi hazina mizani. Katika kazi za namna hii ilikuja kugundulika kwamba urefu unatosha kukisia uzito: fimbo iliyochorwa alama ukutani humwonyesha mwalimu idadi ya vidonge kwa kila mtoto. Fundi yeyote wa kijiji aliweza kuitengeneza. Wazazi walioulizwa maoni yao kuhusu walimu kugawa dawa kwa jumla walikubali, wakisema mwalimu anamjua mtoto na shule iko karibu kuliko zahanati.

Ukaguzi mwingine haukuhitaji dawa shuleni kabisa. Nyanda za Juu Kusini, ambako udongo umepungukiwa madini joto, watoto waliguswa shingo kuona kama wana uvimbe wa tezi, unaoitwa rovu. Tiba haikuwa darasani bali jikoni, kwa kutumia chumvi yenye madini joto, ambayo iliwekewa kanuni katika miaka ya 1990. Mwaka 2004 watoto wa shule zaidi ya 140,000 Tanzania Bara walipimwa shingo, na waliokuwa na uvimbe walikadiriwa kuwa asilimia 7 hivi, kutoka takriban robo ya watoto wote katika miaka ya 1980. Kazi hapo ilikuwa ya mama anayenunua chumvi. Shule ilikuwa kioo tu.

Macho yalileta somo gumu zaidi. Mwalimu anaweza kumpima mwanafunzi kwa kumsimamisha mbali na chati ya herufi, na walimu wa vijijini mkoani Mwanza walilifanya hilo vyema. Lakini kuona tatizo na kuliondoa ni mambo mawili. Katika utafiti uliofanyika kwenye shule za sekondari za Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2008, wanafunzi wenye uoni hafifu waligawanywa: wengine walipewa miwani bure, wengine wakapewa karatasi ya kununulia. Baada ya miezi mitatu, waliokuwa nayo shuleni au kuivaa walikuwa asilimia 47 kwa kundi la kwanza na 26 kwa kundi la pili. Tofauti hiyo ni mfuko wa mzazi. Hata hivyo, zaidi ya nusu ya waliopewa bure hawakuitumia, na hapo sababu si fedha tena, bali ni kutaniwa na wenzao na wasiwasi wa nyumbani kwamba miwani hudhoofisha macho. Mzazi ambaye hakuelezwa hawezi kumtetea mtoto anapochekwa.

Kisha ukaja mwaka 2008, na tena mkoani Morogoro. Baraza la Afya Duniani lilikuwa limeazimia mwaka 2001 kwamba kufikia 2010 angalau asilimia 75 ya watoto wa shule walio hatarini wapate tiba ya minyoo na kichocho. Tanzania, ikisaidiwa na wafadhili, ilianza kugawa dawa kwa mamilioni. Idadi ya wanafunzi wa shule za msingi ilikuwa imepanda kutoka milioni 4.4 mwaka 2000 hadi zaidi ya milioni 7 mwaka 2004 baada ya ada kufutwa. Kazi ilikuwa kubwa na ya haraka. Praziquantel ikimezwa na mtoto mwenye minyoo mingi, tena tumbo likiwa tupu, huleta maumivu ya tumbo, kichefuchefu, kutapika na kizunguzungu. Hupita baada ya muda mfupi, lakini aliyeambiwa hayo mapema ni tofauti na asiyeambiwa. Katika shule kadhaa watoto walianza kutapika na kulala chini. Habari zikakimbia kijiji hadi kijiji kwamba watoto wanapewa sumu, kwamba wamekufa, kwamba dawa ni ya kuwafanya wagumba. Wazazi walikimbilia shuleni kwa hasira, walimu wakatishwa, ghasia zikatokea na ugawaji katika mkoa huo ukasimamishwa.

Ni rahisi kuwaita wazazi hao wajinga, na wapo waliowaita hivyo. Lakini kuna mambo yanayowatetea. Dawa ililetwa na watu wasiojulikana, bure, kwa watoto peke yao na si kwa wakubwa, wakati zahanati ya kijiji haikuwa na vidonge vya homa. Hakuna aliyewauliza. Wengi waliposikia neno kichocho hawakulielewa kama daktari alivyolielewa, na katika sehemu kadhaa za Afrika damu katika mkojo wa mvulana imewahi kuchukuliwa kuwa dalili ya kukua. Walimu nao walikuwa wamepewa mafunzo mafupi na posho ndogo, na wengine wao hawakuweza kujibu maswali ya mzazi mmoja, sembuse ya umati. Mkoa uleule ambao miaka chini ya ishirini kabla ulikuwa umeionyesha dunia kwamba mwalimu anaweza kuaminiwa na kipimo, sasa ulikuwa mahali ambapo mwalimu hakuaminiwa na kidonge. Uwezo wa walimu haukuwa umepungua. Kule Kilosa walikuwa wameulizwa, na safari hii waliagizwa.

Tangu mwaka 2009 kazi hiyo imeunganishwa chini ya mpango wa taifa wa kudhibiti magonjwa yaliyokuwa hayapewi kipaumbele, na Sheria ya Mtoto ya mwaka huohuo imetaja matibabu kuwa miongoni mwa haki ambazo mzazi anawajibika kumpatia mtoto. Lakini mabadiliko yaliyoonekana zaidi yalikuwa ya kijijini na ya kawaida kabisa. Mkutano wa wazazi huitishwa kabla ya siku ya dawa, siyo baada. Kamati ya shule huelezwa nini kinaweza kutokea na kwa muda gani. Viongozi wa dini huitwa kwenye vikao vya wilaya, na tangazo husomwa kanisani Jumapili pamoja na matangazo ya ndoa na ya kwaya, na msikitini Ijumaa, ili mtu alisikie kutoka kwa anayemfahamu. Mtoto anayeumwa siku hiyo hapewi dawa, huandikwa kando. Na palipo na uwezo, wazazi huchanga unga na sukari, kina mama hufika alfajiri na sufuria zao, na foleni ya kwanza huwa ya uji. Watoto wakishakunywa ndipo husogea kwenye fimbo ya kupimia urefu, mmoja mmoja, mwalimu akiwa na daftari la mahudhurio mkononi.